Stika badala ya sindano: je, ukurutu wa mtoto mchanga unaweza kusomwa juu ya ngozi tu?

#1 MamaJema_Lanet (Nakuru)
Hamjambo wadau. Binti yangu ana miezi mitano. Alipofikisha miezi miwili mashavu yalianza kukauka na kupasuka, kisha ikapanda kichwani, sasa iko upande wa nje wa mikono na kwenye magoti. Usiku anajisugua uso kwenye shuka mpaka naona alama za damu. Nimemvalisha soksi mikononi.

Wiki jana kwenye maabara moja hapa mjini niliambiwa atolewe damu apimwe aleji za vyakula zaidi ya 20. Bei niliyotajiwa inakaribia kodi yangu ya mwezi. Mtoto hajaonja hata uji!

Dada yangu aliye Uingereza anasema huko watafiti humbandika mtoto kijistika mkononi, wanakibandua, na kupitia kile kijistika wanajua ngozi ina shida gani. Hakuna sindano. Naomba anayejua aniambie: ni kweli? Na je, hapa kwetu kipo?

#2 OderoWaDunga (Kisumu)
Pole mama. Hiyo ya stika naisikia leo. Huku ziwani mtoto akiwa hivyo wazee husema ametazamwa na mtu mwenye jicho baya. Sisemi ni hivyo, nasema ndivyo utakavyoambiwa ukishuka na mtoto stendi ya Kisumu.

#3 Sabuni_Kibuye
Ni sabuni. Nauza sabuni Kibuye miaka tisa sasa. Kina mama wananunua ile kali ya kuua viini wamwogeshe mtoto wa wiki mbili, kisha nepi wanafua kwa sabuni ya unga bila kusuuza vizuri. Badilisha sabuni, pesa ya maabara ununulie unga.

#4 Anyango_Cork
Mama Jema, ni kweli, na mimi nimeishuhudia. Nimetoka Ahero lakini naishi Cork, Ireland. Kifungua mimba wangu alizaliwa huku 2010, wakati kulikuwa na utafiti mkubwa wa watoto uitwao BASELINE. Akiwa na siku mbili tu walimwekea kidude kama kalamu nene kwenye mkono, sekunde chache, kinapima mvuke wa maji unaotoka kwenye ngozi. Alilala usingizi wake wote.

Matokeo yalichapishwa 2015. Walipima watoto takriban 1,900. Wale ambao ngozi yao ilipoteza maji mengi zaidi wakiwa na siku mbili, na tena wakiwa na miezi miwili, ndio waliopata ukurutu zaidi walipofika mwaka mmoja. Yaani ngozi ilikuwa inavuja kabla hata ya kipele cha kwanza. Hilo lilinigusa sana, kwa sababu mimi nilikuwa nikijilaumu kwamba nilikula kitu kibaya nikiwa na mimba.

#5 MwalimuFizikia_Njoro
Anyango asante. Niongeze maelezo kidogo kwa sababu hapa kuna vipimo viwili vinavyochanganywa.

Alichoshuhudia Anyango ni kipimo cha maji yanayotoroka kupitia ngozi. Husomwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba kwa saa. Fikiria ukuta wa udongo: ukipigwa lipu vizuri maji hayapiti, ukiwa na nyufa unyevu unapita pande zote mbili. Maji yanatoka, na vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia.

Anachosema dada yake Mama Jema ni stika. Ni duara dogo la gundi, la kawaida lina upana wa milimita 22. Linakandamizwa kwa nguvu ileile kila mara, kwa sekunde zilezile, kisha linabanduliwa. Kila moja linaondoka na utando mwembamba wa seli zilizokwisha kufa, zile za juu kabisa. Wanarudia palepale, stika ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila moja inaleta ngazi ya chini kidogo. Tabaka lote hilo la juu ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Kisha maabara inachunguza stika: mafuta ya ngozi yamepungua? Vile viungo asilia vya kushika unyevu vipo? Kuna kemikali za mwili za kuchochea uvimbe?

#6 BodaManyatta
Mwalimu, kwa hiyo ni kama waxi ya saluni? Mtoto atapiga mayowe hadi Maseno!

#7 MwalimuFizikia_Njoro
@BodaManyatta hapana ndugu yangu. Ni kama kubandua plasta nyepesi. Damu haitoki, na eneo hubaki limekauka au kubadilika rangi kidogo kwa muda. Kwa watoto wachanga hutumia stika chache.

#8 TabibuKakamega
Habari zenu. Mimi ni tabibu. Kabla hatujafika Ireland, Mama Jema nijibu haya:

Sehemu inayofunikwa na nepi ikoje? Kuna vipele viganjani au kwenye nyayo? Kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna usiku? Kuna duara lenye ukingo ulioinuka? Ukoko wa manjano unaonata?

Nauliza kwa sababu nusu ya "ukurutu" ninaoletewa unakuwa na jambo lingine pembeni. Upele wa kuambukiza hupenda viganja na nyayo za mtoto, na nyumba nzima hujikuna. Mashilingi hukaa kama duara. Ukurutu wa mtoto mchanga kwa kawaida huiacha sehemu ya nepi, kwa sababu pale pana unyevu na mtoto hapafikii kujikuna.

Na kuna vipimo visivyo na sindano ambavyo vipo hapa hapa. Lenzi ya kukuzia yenye taa: ukiwekea mstari wa upele unaweza kuona mdudu kama kijipembetatu cheusi mwishoni mwa njia yake. Kukwangua magamba kidogo na kuyatia potashi chini ya darubini: unaona nyuzi za kuvu. Havihitaji mashine za ulaya.

#9 MamaJema_Lanet
Asante daktari. Nepi ni safi kabisa, ngozi laini. Viganja na nyayo hakuna kitu. Mimi na baba yake hatujikuni. Baba yake alikuwa na pumu utotoni. Ukoko wa manjano, kidogo nyuma ya sikio la kushoto.

#10 Kukhu_Mumias
Wajukuu zangu, mimi nimelea kumi na mmoja. Mnazungumza stika na kalamu, hakuna aliyeuliza mtoto anapakwa nini. Mama Jema, unampaka nini?

#11 MamaJema_Lanet
@Kukhu shikamoo. Mafuta ya zeituni. Shosho wake alileta chupa, akasema ndiyo safi kwa mtoto.

#12 Kukhu_Mumias
Marahaba. Acha. Sisi tulipaka mafuta ya mgando na watoto walikua.

#13 MwalimuFizikia_Njoro
Kukhu yuko sawa hapa, na hata vipimo hivi hivi vinamuunga mkono. Kule Uingereza walijaribu mafuta ya zeituni kwenye ngozi za watu wazima, wakapima kwa stika na kwa ule mvuke, na ukuta wa ngozi ukaonekana kudhoofika. Mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo. Tofauti ni aina ya asidi ya mafuta iliyo nyingi ndani yake.

#14 Shemeji_58 (Nakuru)
Mnazunguka tu. Hii ni jeni. 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba jeni ya filagrini, protini inayojenga tabaka la juu la ngozi, ikiharibika ngozi inashindwa kujijenga. Baba ana pumu, mtoto ana ukurutu, imeisha. Sabuni ya Kibuye haina kosa.

#15 Sabuni_Kibuye
Asante shemeji, lakini mimi mwenyewe ndiye niliyeshtaki sabuni.

#16 TabibuKakamega
@Shemeji_58 Dundee ni kweli, lakini usiibebe nzima hadi Nakuru. Yale mabadiliko ya jeni yaliyogunduliwa yako kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika ni nadra. Ethiopia walitafuta kwa wagonjwa wa ukurutu wakaona ni machache mno.

Afrika Kusini ndipo penye jambo la ajabu. Walichukua wagonjwa wa Kixhosa, wakapima jeni: hakuna mabadiliko yale yanayovunja filagrini. Kisha wakapima tabaka la juu la ngozi kwa stika, na mabaki ya filagrini yalikuwa yamepungua kweli. Ilichapishwa 2014. Kitabu cha maagizo kiko sawa lakini nyumba imejengwa na upungufu. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachoibomoa: uvimbe wenyewe, mazingira, jeni nyingine. Ukipima mate ya mtoto kutafuta jeni ya Dundee utaambiwa hana shida, na mtoto anajikuna mbele yako. Kwa mtoto wa kwetu kipimo cha ngozi yenyewe kinasema zaidi ya kipimo cha jeni iliyotafutwa kwa watu wengine.

#17 Shemeji_58
Nakubali hilo la Waxhosa sikulijua. Lakini pumu ya baba bado nasimama nayo.

#18 NesiWaUsiku (Kisumu)
Nimetoka zamu, nimesoma yote. Mambo mawili.

La kwanza ni ile damu ya vyakula 20. Mama Jema, tafadhali usikimbilie. Damu ikisema "mayai ndiyo", maana yake mwili umeitambua protini ya yai. Haisemi kwamba yai ndilo linalomkunisha. Nimeona mtoto aliyekatazwa maziwa, mayai, samaki na hata omena kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Mstari wa uzito kwenye kitabu cha kliniki ulishuka miezi mitatu mfululizo, na ukurutu haukuondoka. Yule mama alilia mbele yangu, nami nikashindwa kuzuia machozi yangu. Chakula hupimwa pale ambapo kuna historia: mtoto amekula kitu, na ndani ya dakika au saa chache amevimba midomo, ametapika au amepata vipele vya ghafla.

La pili ni rangi ya ngozi. Vitabu vinaandika "wekundu, wekundu". Kwa mtoto mweusi wekundu haujitokezi hivyo. Unaona kijivu, zambarau, au weusi uliozidi, na mara nyingi vipele vidogovidogo kwenye vinyweleo kama ngozi ya kuku. Anayetoa alama za ukali kwa kutazama wekundu atasema "ni kidogo tu" kumbe mtoto anaungua. Ndiyo maana mimi nazipenda hizi habari za stika na mvuke, kwa sababu hazijali rangi. Lakini na kiganja pia hakijali rangi. Zima taa usiku, pitisha kiganja polepole mwili mzima wa mtoto.

#19 OderoWaDunga
Nesi umenena. Lakini kile kidude cha mvuke hapa Kisumu Februari kitasoma nini? Mimi nikikaa tu kivulini natiririka. Kitapima jasho la mtoto waseme ni ukurutu.

#20 MwalimuFizikia_Njoro
@OderoWaDunga umegusa penyewe. Kipimo kile kinataka chumba cha nyuzi 20 hadi 22 hivi, unyevu wa hewa unaodhibitiwa, mtoto ametulia kwa dakika kadhaa bila kulia. Akilia anatokwa jasho, namba inaruka. Bila chumba cha namna hiyo, namba ya Kisumu na namba ya Nakuru huwezi kuziweka kwenye jedwali moja. Stika haisumbuliwi sana na jasho la dakika ile, lakini inataka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na mashine ghali za kusoma.

Kuna hata njia ya tatu, mwanga wa laza unaopigwa kwenye ngozi, na mwanga unaorudi unaeleza kuna molekuli gani. Msingi wake ni ugunduzi wa Mhindi C. V. Raman aliyepata tuzo ya Nobel 1930. Nawafundisha kidato cha nne habari hii kila mwaka kwa furaha, ingawa haiko kwenye silabasi.

#21 BodaManyatta
Mwalimu ukipata uzi wa mahindi utaingiza laza.

#22 MwalimuFizikia_Njoro
Mahindi pia yana unyevu unaopimwa, kijana.

#23 Anyango_Cork
Friza za namna hiyo nadhani si ngeni kwenu, maabara za utafiti kama KEMRI pale Kisian wanahifadhi sampuli za kila aina. Kukosekana ni mtu wa kuuliza swali la ukurutu.

Na hata huku, Mama Jema, usidhani nikienda kwa daktari wangu anatoa stika. Ni chombo cha watafiti bado. Daktari anatazama, anagusa, anauliza. Sitaki uuze mbuzi ukifikiri huku tumeshafika.

#24 Shemeji_58
Basi kama ngozi inavuja kuanzia siku ya pili, dawa ni rahisi: paka mafuta watoto wote tangu kuzaliwa, ukurutu usije. Nilisoma Waingereza wamethibitisha.

#25 TabibuKakamega
Ni kinyume, shemeji. Utafiti wa BEEP Uingereza, watoto 1,394 wenye ukurutu au pumu kwenye familia. Nusu walipakwa kila siku mwaka mzima, nusu hawakuagizwa hivyo. Walipofika miaka miwili, waliokuwa na ukurutu ni 23% upande mmoja na 25% upande wa pili. Hakuna tofauti ya maana, na maambukizi ya ngozi yalizidi kidogo kwa waliopakwa. Ilitoka 2020. Kupaka kunamsaidia mtoto ambaye *tayari* ana ukurutu. Kuzuia usianze ni jambo jingine.

#26 Kukhu_Mumias
Hao Waingereza walipaka mafuta gani na kwa mikono gani? Mkono mchafu unaochota kwenye kopo ndio unaoleta maambukizi. Mimi nilichota kwa kijiko.

#27 NesiWaUsiku
Kukhu, hiyo ya kijiko naiandika na nitaifundisha kliniki kesho.

#28 Nyabondo_Girl
Mbona hakuna aliyetaja minyoo? Nilisoma afya ya jamii, na kuna utafiti wa ng'ambo ya ziwa letu, Entebbe, ulioanza 2003 na kina mama wajawazito karibu 2,500. Walipewa dawa ya minyoo au dawa isiyo na kitu ndani, bila kujua ni ipi. Watoto wa waliopewa albendazoli, ambayo ni dawa ya minyoo, walipata ukurutu zaidi wakiwa wachanga. Maelezo yanayotolewa ni kwamba minyoo huipoza kinga ya mama, na mtoto tumboni anajifunza upole huo. Minyoo ikitoka, kinga inabaki kali bila adui.

#29 BodaManyatta
Haki ya Mungu nimesoma mara mbili. Kwa hiyo tule minyoo?

#30 NesiWaUsiku
HAPANA. Na naomba mjamzito yeyote anayesoma hapa asiache dawa ya kliniki. Minyoo huleta upungufu wa damu, na upungufu wa damu huua mama wakati wa kujifungua. Nyabondo anaeleza chanzo, hatoi ushauri.

#31 Nyabondo_Girl
Ndivyo, asante Nesi. Nataka tu tuone kwamba ukurutu si wa sabuni peke yake. Eldoret waliuliza wanafunzi wa miaka 13 na 14 mwaka 1995, wakauliza tena 2001, na walioripoti dalili za ukurutu, pumu na mafua ya aleji walikuwa wameongezeka. Jeni za Uasin Gishu hazibadiliki kwa miaka sita.

#32 Sabuni_Kibuye
Sabuni ziliongezeka miaka hiyo sita. Nasimama hapo.

#33 Lurambi_Baba
Wangu ni wa miaka mitatu sasa. Tulipewa krimu kwenye kemisti bila kuulizwa swali, ile yenye dawa tatu ndani: steroidi kali ya kutuliza uvimbe, ya kuvu, ya bakteria. Siku nne uso ukawa kama wa malaika. Tukaendelea miezi minne. Ngozi ya mashavu ikawa nyembamba mishipa inaonekana, tukiacha inarudi kwa hasira. Natamani wakati ule kungekuwa na hiyo kalamu ya Anyango ituambie ukuta umebomoka chini ya uso laini. Nilidanganywa na macho.

#34 TabibuKakamega
Pole sana Lurambi. Ila wazazi wengine wakisikia hivi wanaikimbia steroidi kabisa, na mtoto anateseka bure. Hidrokotisoni ya 1%, ambayo ni steroidi nyepesi, usoni kwa siku chache, chini ya usimamizi, si sawa na steroidi kali miezi minne. Kipimo: mstari wa krimu wa kidole cha mtu mzima, toka ncha hadi kiungo cha kwanza, unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.

#35 Kukhu_Mumias
Na njugu? Binti yangu alikatazwa kumpa mtoto mwenye ukurutu njugu mpaka miaka mitatu.

#36 Anyango_Cork
Kukhu, hilo limegeuka. London 2015, watoto 640 wenye ukurutu mkali au aleji ya mayai. Waliolishwa njugu mapema walipata aleji ya njugu kwa uchache sana, pungufu kwa karibu 80% kuliko waliozuiwa. Wanasema mdomo humfundisha mwili urafiki, lakini vumbi la njugu likiingia kwenye ngozi iliyopasuka linamfundisha uadui. Iwe imesagwa laini ndani ya uji, si punje, na aliye na ukurutu mkali amwone daktari kwanza.

#37 OderoWaDunga
Kwa hiyo ngozi ndiyo inayoleta aleji ya chakula, si chakula kinacholeta ngozi? Nilikuwa naamini kinyume maisha yangu yote.

#38 Lurambi_Baba
Kwa mtoto wangu mayai yalimvimbisha midomo mbele ya macho yangu. Msiseme chakula hakimo.

#39 MamaJema_Lanet (wiki tatu baadaye)
Nimerudi wadau. Damu sikupima. Tabibu mmoja huku alitumia lenzi, akakwangua kidogo nyuma ya sikio, hakuna mdudu, hakuna kuvu. Akasema ukurutu, na pale penye ukoko bakteria wameingia, akatupa dawa ya kupaka. Hidrokotisoni siku tano usoni. Zeituni nimeacha, ni mafuta ya mgando kwa kijiko (Kukhu!), dakika chache baada ya kuoga, maji ya uvuguvugu, sabuni mara mbili tu kwa wiki.

Usiku nilizima taa nikapitisha kiganja kama Nesi alivyosema. Mgongo wote, ambao mchana naona ni mzuri, ulikuwa kama msasa. Sikuwa nimejua. Sasa umelainika, analala kwa muda wa saa nne bila kuamka, soksi nimevua. Nyuma ya magoti tu ndiyo kwanza kumeanza kukwaruza.

#40 Sabuni_Kibuye
Mara mbili kwa wiki! Nilisema.

#41 Kukhu_Mumias
Ni zeituni iliyoondoka. Mungu amkuze.

#42 OderoWaDunga
Na mvua ilianza Nakuru wiki hiyo hiyo, vumbi la Lanet likatulia. Mkumbuke hilo.

#43 MwalimuFizikia_Njoro
Nafurahi sana kwa mtoto, kweli kabisa. Lakini Mama Jema umebadilisha sabuni, mafuta na krimu kwa mpigo, na mvua juu yake. Hatutajua ni kipi. Ungebadilisha kimoja kila wiki mbili…

#44 MamaJema_Lanet
Mwalimu, wewe hukuwa unaamka naye saa nane za usiku.

#45 NesiWaUsiku
Hapo nyuma ya magoti, mama, ni pande zote mbili au upande mmoja? Na anapobebwa mgongoni, leso inakaza pale?